Bega linauma, chuma kinakwama: anza kwa kuangalia mikono imeshika wapi

Kijana mmoja anayebeba magunia ya korosho msimu ukifika alikuja kwenye uwanja wetu wa tizi hapa Chikongola, Mtwara, ameshika bega la kulia. Wiki ya tatu hiyo alikuwa hawezi kupiga benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu kutoka kifuani, bila kuuma meno. Alishachua kwa dawa, alishapunguza uzito, alishapumzika siku nne, na kila akirudi anayakuta maumivu palepale. Nikamwambia alale, ashike chuma kitupu kama anavyoshika siku zote. Mikono ilikwenda mbali, karibu kabisa na pale uzito unapokaa. Nikapima: sentimita 84 kati ya kidole cha shahada na kidole cha shahada. Mabega yake, mfupa hadi mfupa, ni sentimita 40.

"Nani kakuonyesha kushika hapa?"

"Kaka mmoja kule Magomeni. Ndiye anayenyanyua mzigo mkubwa kuliko wote."

Huyo kaka namfahamu. Ana mabega mapana kama mlango na mikono mirefu, na kwake upana ule una nafuu. Kijana wetu aliazima mshiko wa mwili mwingine. Wengi tunaofanya mazoezi uani tumejifunza hivyohivyo, kwa sababu chuma chetu hakina alama. Ni bomba la maji, kila upande kopo la rangi lililojazwa zege, na hapo katikati hakuna mstari wala mkwaruzo wa kukuonyesha mkono ukae wapi. Kila siku unashika kwa kukisia.

Nimeona maumivu na mikwamo mingi ya benchi ikitokana na upana wa mshiko. Nimeona pia watu wakilaumu mshiko wakati tatizo liko kwenye zege. Kwa hiyo tuchukue malalamiko ninayoyasikia mara nyingi, moja baada ya jingine, tutafute chanzo.

Pima kwanza

Usitafute tatizo kabla hujajua unashika wapi. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako, apapase juu ya bega mpaka aikute ncha ya mfupa pale bega linapoishia. Afanye hivyo pande zote mbili, kisha apime kutoka ncha hadi ncha kwa futi kamba ya fundi cherehani, aivute inyooke, isifuate mviringo wa mgongo. Namba hiyo izidishe kwa moja na nusu. Mwenye 40 anapata sentimita 60. Mwenye 36 anapata 54. Huo ndio umbali wa kuanzia kati ya vidole vya shahada. Ukivuka mara mbili ya upana wa mabega yako, yaani 80 kwa mwenye 40, bega linabebeshwa kuliko linavyoweza kuhimili kila wiki.

Huna futi kamba? Pima shubiri yako kwenye rula ya mtoto wa shule mara moja tu, ukariri namba. Kuanzia siku hiyo una kipimo popote uendapo.

Kipimo cha pili mimi nakiamini zaidi, maana watu wawili wenye mabega sawa wanaweza kutofautiana urefu wa mikono. Lala na chuma kitupu, au hata mti wa fagio. Shusha mpaka kiguse kifua, tulia hapo. Mwenzako asimame upande wa miguu yako apige picha kwa simu. Angalia kigasha, yaani kipande cha mkono kati ya kiwiko na kiganja. Kinatakiwa kisimame wima kama nguzo ya nyumba. Kiwiko kikiwa kimetokeza nje kuliko kiganja, umeshika karibu mno. Kiwiko kikiwa ndani na kiganja kiko nje, umeshika mbali mno. Kisha apige picha nyingine kwa ubavuni: kiwiko kiwe chini ya chuma, kisitangulie kuelekea tumboni wala kubaki nyuma kuelekea kichwani.

Yule kijana alipoanza na 60 vigasha vyake viliinama kidogo, viwiko vikitokeza nje. Tukaongeza sentimita mbili kila upande, vikasimama. Kwake ni 64.

Bega linauma mbele chuma kikikaribia kifua

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo ninaloomba mlisome taratibu.

Chanzo cha kwanza ni mshiko mpana kupita kiasi. Mikono ikiwa mbali, sehemu ya juu ya mkono hufunguka mbali na mbavu, na chuma kikifika chini, bega linavutwa wazi likiwa na uzito wote juu yake. Misuli ya kifua inanyooshwa hadi mwisho wake palepale inapotakiwa kuvuta kwa nguvu. Siku moja haitakuonyesha kitu. Miezi sita ya kufanya hivyo mara mbili kwa wiki itakuonyesha.

Lakini usisogeze mikono kabla hujaangalia viwiko. Kuna mtu ana mshiko mzuri wa sentimita 62 na bado anatandaza viwiko mpaka mwili na mikono vinafanya msalaba. Mwambie avirudishe kidogo kuelekea mbavuni, visibane mbavu wala visitanuke kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Viwe katikati ya hali hizo mbili. Papo hapo chuma kitagusa chini zaidi, usawa wa chuchu au chini yake kidogo, badala ya kugusa karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kama maumivu yametulia kwa badiliko hilo peke yake, mshiko wako haukuwa na kosa. Uache.

Angalia pia makombe ya mabega, ile mifupa bapa ya mgongoni. Kabla hujakitoa chuma kwenye nguzo, yavute yakaribiane nyuma kisha uyashushe kuelekea mfukoni mwa suruali. Kifua kitainuka chenyewe. Bila hivyo bega linachomoza mbele kila unaposukuma, na hata mshiko sahihi hautalisaidia.

Ukishakagua hayo na maumivu yapo, ndipo urudi kwenye moja na nusu. Mtu asiyeumwa anaweza kubadili kidole kimoja kimoja. Mwenye maumivu arudi moja kwa moja kwenye upana wa kuanzia, apunguze mzigo hadi nusu, na afanye hivyo kwa wiki tatu. Utajiona dhaifu wiki ya kwanza, kwa sababu chuma sasa kina safari ndefu zaidi ya kupanda na misuli ya nyuma ya mkono inafanya kazi iliyokuwa haijaizoea. Vumilia.

Maumivu yakiwa juu kabisa ya bega, pale mtulinga unapokutana na ncha ya bega, ukigusa kwa kidole unaruka, jua kwamba kiungo hicho kidogo hakipendi kabisa mshiko mpana na kushusha chini sana. Punguza upana, na kwa muda weka blanketi lililokunjwa juu ya kifua ili chuma kiishie hapo, kisishuke mpaka chini.

Kwa wanaobeba mizigo bandarini au ghalani: kuanzia Oktoba magunia yakianza kusogea, bega lako limeshafanya kazi kabla hujafika kwenye benchi. Miezi hiyo piga benchi mara moja kwa wiki, ukishika upana wako wa kuanzia. Kifua hakitapotea.

Kuna hali ambayo si ya kurekebisha uani. Ukisikia kitu kimeachia karibu na kwapa wakati unashusha, damu ikavilia chini ya ngozi, na umbo la kifua upande mmoja likabadilika, msuli umechanika. Nenda hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi. Msuli wa kifua ukichanika, matibabu ya mapema hutoa matokeo bora kuliko ya baada ya miezi. Hali kadhalika ganzi inayoshuka mpaka vidoleni, au mkono unaokataa kuinuka asubuhi. Usichue, usinyooshwe na mtu.

Kifundo cha mkono kinauma

Tisa kwa kumi hapa nitaangalia chuma kimelala wapi kiganjani kabla ya kuangalia upana. Ukikiweka karibu na vidole, kiganja kinakunjika nyuma na uzito wote unaning'inia kwenye kifundo. Kishushe kikae chini ya kiganja, juu ya nyama ya kidole gumba, ili kikae juu ya mifupa ya kigasha moja kwa moja. Njia rahisi: kabla ya kufunga vidole, geuza mikono kidogo kwa ndani, gumba zielekee upande wa miguu, chuma kipite mshazari kiganjani, ndipo ufunge.

Upana unaingia pale kigasha kinapoinama. Ukishika karibu mno kifundo kinapinda upande wa kidole cha mwisho. Ukishika mbali mno kinapinda upande wa gumba. Picha ya simu itakuonyesha.

Halafu kuna unene. Chuma cha kiwandani cha kunyanyulia kina kipenyo cha milimita 28 au 29. Bomba la maji la inchi moja lina kama milimita 33 kwa nje, na mkono wa kawaida unalizunguka bila shida. La inchi moja na nusu linafika 48, na hapo mwenye kiganja kidogo gumba halifiki. Anaamua kuweka gumba upande mmoja na vidole vingine. Hapo naomba kwa dhati: usifanye. Chuma kikiteleza hakuna kinachokizuia, na chini yake kuna kifua na shingo yako. Kama bomba ni nene kuliko kiganja, tafuta bomba jingine. Makopo ya zege yanaweza kuhamishwa, bomba halina thamani ya mtu.

Chuma kinapanda upande mmoja

Hili lilinifundisha kuliko mengine yote. Miezi minne niliamini mkono wangu wa kushoto ni dhaifu. Nikaufanyisha mazoezi peke yake, nikasogeza mshiko wa kushoto nje kidogo ili "kuusaidia", na upande ule ukazidi kubaki nyuma. Siku moja tuliazima mizani dukani kwa ajili ya jambo jingine, mtu akapandisha makopo ya zege juu yake. La kushoto lilizidi la kulia kwa kilo mbili na nusu. Makopo ni ya kampuni moja, ujazo mmoja, lakini moja lilimiminwa kokoto nyingi zaidi. Nami nilikuwa nalala upande uleule kila siku.

Kwa hiyo anza na kitu kisichokuwa mwili wako. Lala kichwa upande mwingine wa chuma, au geuza chuma kulia kije kushoto. Kama upande unaobaki nyuma umehama pamoja na kopo, tatizo ni zege: pima, ongeza kipande cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye kopo jepesi. Kama upande unaobaki nyuma ni uleule wa mwili wako, endelea.

Angalia benchi. Wengi wetu tuna uwanja wa mchanga, na mguu mmoja wa benchi huzama taratibu bila mtu kuona. Weka kipande cha tofali chini ya kila mguu.

Baada ya hapo ndipo mikono. Bila alama ya katikati, mkono mmoja hukaa nje ya mwingine kwa sentimita tatu nne bila wewe kujua, na mkono ulio ndani husafiri njia ndefu kuliko mwenzake. Pima urefu wa bomba kati ya makopo, gawa kwa mbili, zungushia tepu nyeusi ya umeme mzunguko mmoja katikati. Kutoka hapo pima nusu ya upana wako kila upande, zungushia tepu tena, ya rangi yako. Mwenye 64 anapima 32 kulia na 32 kushoto. Kidole cha shahada kiguse tepu, kwisha.

Bomba likishapinda kwa uzito, na mabomba ya maji hupinda, litakuwa linazunguka lenyewe mkononi hadi ncha zake ziangalie chini. Mtu anadhani ameteleza. Acha litulie kwenye nguzo lenyewe, kisha weka doa la rangi upande wa juu. Kila ukishika hakikisha doa liko juu. Likipinda zaidi, libadilishe.

Mshiko unaoamuliwa na nguzo za benchi

Nimekuta benchi ambalo fundi wa kuchomelea aliweka nguzo mbili umbali wa sentimita 60 hivi. Kila mwenye upana wa kuanzia kama huo anashika juu ya nguzo kabisa. Atasogea nje akwepe kubana vidole, au ndani zaidi ya anavyotakiwa. Watu wote wa uwanja ule walikuwa na mshiko wa aina mbili tu, na hakuna aliyeuchagua. Kama unatengeneza benchi jipya, toa vipimo vya mikono ya watakaolitumia kwanza, ndipo umwambie fundi aweke nguzo ndani kabisa au nje kabisa ya mishiko hiyo.

Kiwiko kinauma

Mara nyingi ni mshiko wa karibu mno. Kuna imani kwamba ukitaka misuli ya nyuma ya mkono ikue, uweke viganja vigusane katikati ya chuma. Hapo kigasha kinalala, kifundo kinapinda, na kiwiko kinapokea msokoto. Mshiko wa karibu wenye faida ni ule wa upana wa mabega, basi. Mwenye 40 ashike 40, asishike 15. Wavuvi wanaovuta nyavu alfajiri wawe makini zaidi, kwani kiwiko kinachouma siku nzima baharini hakitaponeshwa na mshiko wowote jioni.

Chuma kinakwama

Uliza kinakwama wapi. Kinatoka kifuani vizuri, kisha kinagoma karibu na mwisho, mikono inatetemeka bila kunyooka: misuli ya nyuma ya mkono imechoka. Ukishika karibu sana, unaipa kazi kubwa kuliko kifua. Ongeza kidole kimoja kila upande ujaribu. Kinagoma sentimita chache tu juu ya kifua: angalia njia ya chuma. Kinatakiwa kipande huku kikirudi kidogo kuelekea mabegani. Ukikisukuma wima kutoka chini ya kifua, kinabaki mbele ya bega na kinakuwa kizito maradufu.

Mshiko mpana hufupisha safari, ndiyo maana washindani wa kunyanyua uzito wa nguvu hushika mbali. Lakini hata wao wana mpaka: kanuni ya shirikisho lao la kimataifa, IPF, inaruhusu sentimita 81 kati ya vidole vya shahada, isizidi. Na tangu 2023 wanataka kiwiko kishuke hadi usawa wa bega au chini yake, kwa sababu watu walikuwa wanashika mbali na kutunisha kifua mpaka chuma kinasafiri sentimita chache tu. Ukisikia "ongeza upana unyanyue zaidi", ujue ni ushauri wa jukwaa la mashindano.

Siku moja mbaya haitoshi kubadili mshiko. Uwe umelala vizuri, umekula, na ukwame mahali palepale mazoezi matatu mfululizo. Badili kidole kimoja, unene wa kama sentimita mbili, kaa nacho wiki tatu. Anayebadili kila Jumatatu hajui kamwe kilichomsaidia.

Na usijaribu mzigo wa kukwamisha ukiwa peke yako. Zege letu halichomoki haraka kwenye bomba. Huwezi kulimwaga upande mmoja ukajiokoa kama kwenye vyuma vya kiwandani.

Nimefuata video, bado sielewi

Video inasema "weka kidole cha pete kwenye alama". Alama ipi? Vyuma vya kunyanyua vya mashindano ya nguvu vina pete, yaani alama zinazozunguka chuma, zilizoachana sentimita 81. Vile vya mtindo wa Olimpiki vina alama zilizoachana sentimita 91. Mtu aliyezoea chuma cha mashindano ya nguvu akihamia cha Olimpiki na kidole kilekile, ametanua mshiko kwa sentimita 10 bila kujua. Ukienda jimu yenye vyuma vya kiwandani, nenda na futi kamba yako, pima pete, kisha hesabu vidole vingapi ndani ya pete vinakupeleka kwenye namba yako.

Mikono inateleza

Unyevu wa pwani na bomba laini havipatani. Taulo kavu, na tepu ya kitambaa pale viganja vinapokaa, vinatosha. Mpira wa ndani wa baiskeli unanenepesha bomba na huzunguka ukilowa jasho. Nimeona mtu akipaka unga wa saruji viganjani: saruji ikikutana na jasho inachoma ngozi. Acha kabisa.

Kwenye ukuta wa uwanja wetu sasa kuna orodha ya mkaa: herufi mbili za jina, na mbele yake sentimita. Yule kijana wa magunia yuko mstari wa nne, 64. Anapiga benchi mara moja kwa wiki mpaka korosho ziishe ghalani, na tepu yake ni ile ya kijani.